Lilian Odira na ile mita mia ya mwisho

Jamani fainali ya mita 800 wanawake ya mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo, Jumapili Septemba 21, 2025, baina ya wa kwanza na wa tatu ni sekunde 0.29 tu, na alotangulia ni Lilian Odira wa Kenya, 1:54.62, jina ambalo huku kwetu Wete, Pemba, barza nzima hakuna alokuwa analijua mana watu wote mawazo yao yalikuwa kwenye mechi ya jioni ya Arsenal na City. Wa pili Georgia Hunter Bell 1:54.90, wa tatu Keely Hodgkinson 1:54.91, Waingereza wote wawili na wanafanya mazoezi pamoja.

Sasa mie nimewasikia watu wanasema Odira kabahatisha eti Keely alikuwa hajapona sawasawa. Hapana. Ni kweli Keely alikaa nje zaidi ya mwaka kwa msuli wa nyuma ya paja, lakini mbio yake ya kwanza aliporudi mwezi wa nane alikimbia 1:54.74, na huyo ndo bingwa wa Olimpiki ya Paris, kwa hiyo alofungwa Tokyo ni Keely mzima kabisa tusimvunjie haki yake Odira.

Mbio zenyewe zilivokwenda ni hivi, mita 100 za mwanzo kila mmoja anabaki leni yake, baada ya hapo wote wanaingia ndani na ndo pale viwiko vinapoanza. Mary Moraa, Mkenya mwenziwe, bingwa wa dunia wa Budapest 2023, akatoka mbio kwelikweli, mzunguko wa kwanza akaumaliza chini ya sekunde 56, Keely kamganda, na Odira yuko zake nyuma. Huku ilikuwa saa saba na nusu mchana, tunaangalia kwenye simu mie na bint wa dadangu ambae skuli kwao anakimbia hiyohiyo 800, akanambia "mamdogo huyu kashaachwa, hana chake tena." Nikamwambia hebu tulia mwanangu mtizame miguu yake, mana alikuwa hajaanza kuhangaika, mabega yameshuka, mikono haijapanda kifuani. Wakaingia mita mia ya mwisho Keely yuko mbele na Odira akaja kwa nje, hatua zilezile, wenzake ndo wanazidi kukaza shingo na yeye anapita tu!! Yule mtoto alipiga ukelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Na hapo ndo penye elimu yote ya mita 800, watu wanadhani mshindi kaongeza spidi mwishoni, kumbe mbio za kasi namna ile karibu wote wanapungua mzunguko wa pili, anaeshinda ni yule aliepungua kidogo kuliko wenzake. Ukimwangalia Odira kwa macho unaapa kaongeza gia. Skuli zetu nyingi mtoto anaambiwa "kimbia" basi, anamaliza nguvu zote mzunguko wa kwanza, wa pili anatembea halafu anaambiwa hawezi, ilhali hakuna aliesimama na saa akamwambia mita 200 za mwanzo umekwenda haraka mno.

Muda wa Odira pia umeifuta rekodi ya mashindano ya dunia ya Jarmila Kratochvílová, 1:54.68, ilokaa tangu Helsinki 1983, miaka 42! Na alieifuta ni mama wa watoto wawili. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu huku mtoto wa kike akishamaliza fomu foo viatu vinawekwa uvunguni, akiolewa ndo kabisa. Wengine hoja yao ni stara, na stara naiheshimu mie mwenyewe ni mtu wa mtandio, lakini Sarah Attar wa Saudia alikimbia mita 800 hizihizi Olimpiki ya London 2012 kichwa kimefunikwa na mikono imefunikwa, akamaliza wa mwisho kwenye kundi lake kwa 2:44.95 na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Kwa hiyo nguo zipo, linabaki ruhusa ya wazazi na mtu wa kufundisha.

Siku sita kabla, Alphonce Simbu alishinda marathon hukohuko Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia, na watu walifurahi mpaka wasiofatilia riadha. Mie nilifurahi, ila natamani furaha ile tuimimine na kwa watoto wa kike, na pa kuanzia papo, Septemba 23 kila mwaka huku Zanzibar tunaadhimisha elimu bila malipo na riadha imo kwenye michezo ya skuli. Walimu wangu, wapeni 800, na mbebe saa.

Bint wa dadangu ameshaniuliza rekodi ya dunia ni ngapi. 1:53.28, Kratochvílová huyohuyo, 1983. Akanyamaza akahesabu, akasema Odira kabakisha sekunde moja na kitu tu. Mashindano ya dunia yajayo ni Beijing 2027, Odira atakuwa na miaka 28 na Keely 25, na mie inshaallah sitaki kukosa hata raundi ya mchujo.