Nilivyopima afya ya bustani yetu kwa ramani ya udongo na kopo

Miti ya upande wa juu wa bustani yetu ya mtaa hapa Mwanza ilikuwa inakauka kuanzia kileleni. Wengine walisema mchwa, wengine ukame. Nikaona tuanze na udongo.

Takwimu za udongo zinapatikana bure mtandaoni. SoilGrids, ramani ya udongo ya dunia nzima, hukadiria kwa vipande vya mita 250, na bustani yetu nzima inamezwa na kimoja. iSDAsoil, ya Afrika peke yake, ina vipande vya mita 30 na hutenganisha sentimita 0–20 na 20–50. Ilionyesha udongo wa kichanga, yaani wenye mchanga mwingi, upande wa juu, jambo la kawaida kwenye vilima vyetu vya granaiti. Kichanga hunywa maji upesi. Sasa mbona kila mvua ikinyesha, maji ya huko juu yanatiririka mpaka barabarani?

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Ramani inakadiria udongo wa eneo. Haijui watu wamekata njia ya mkato wapi na kuushindilia udongo kwa kuukanyaga.

Ili kupima udongo ulivyoshindiliwa, nikachukua kopo, nikalikata juu na chini likabaki wazi, nikalipigilia ardhini kwa nyundo juu ya kipande cha ubao. Kwenye njia ya mkato kingo zilijikunja. Nyuma ya ua wa michongoma, hatua chache tu pembeni, lilizama kwa kulisukuma. Udongo ule ukakaushwa kwa nyuzi 105 za Selsiasi saa 24, ukapimwa uzito, tukagawanya kwa ujazo wa kopo. Kichanga kikikaribia gramu 1.8 kwa kila sentimita ya ujazo, mizizi hupenya kwa shida mno. Chini ya njia tulikuwa karibu na hapo.

Mzee mmoja aliyekuwa akitutazama akasema, "Mwanangu, hapa juu ni luseni, lakini chini yake ni itogolo. Chimbeni muone." Kwa Kisukuma, luseni ni kichanga cha mteremko wa juu, na itogolo ni udongo wenye tabaka gumu chini. Tukachimba. Chini ya kichanga mtaimbo uligonga tabaka gumu, ambalo mimi sikuliona kwenye ramani yoyote. Wasukuma wameupa udongo majina kufuata mteremko, kuanzia luseni mpaka mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni, na nashauri mtu yeyote anayepima huku aanze kwa kuwauliza wazee.

Njia tumeipanga mawe ili watu wapite hapo tu. Pembeni tumelegeza udongo kwa uma na kutandaza majani makavu. Mbolea ya dukani hatukununua. Sehemu tulizopima tumeziwekea vigingi, na baada ya masika tutapima tena palepale kwa kopo la ujazo uleule.