Hesabu Haina Bethidei: Nilivyoipata Nusu Siku Yangu

Nilizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999, wodi ya wazazi pale hospitali ya Ligula, Mtwara. Ukiwa Mtanzania umeshaelewa. Ndiyo siku Mwalimu Nyerere alipofariki London, na Rais Mkapa, mtu wa huku huku kwetu, wa Lupaso kule Masasi, akaingia redioni kututangazia. Mama anasimulia kwamba uchungu ulikuwa umeshamkaza pale wauguzi walipokimbilia redio iliyokuwa dirishani. Kidogo akasikia vilio. "Nikajua nimeshakufa," anasema, "wananililia mimi."

Muuguzi mmoja akashauri niitwe Julius. Baba alikataa, akasema jina langu alishaliweka tangu mimba ina miezi mitano. Lakini jina likitaka kukupata halikosi njia. Kijiweni wananiita Mwalimu, mimi niliyetoka kidato cha nne na sifuri iliyonyooka.

Kwa hiyo bethidei yangu ni sikukuu ya taifa. Watu wakisikia husema nina bahati, sitaomba ruhusa maisha yangu yote. Wanaosema hivyo wana ajira. Binamu yangu anafanya kazi kiwanda cha saruji, na siku moja tulikaa tukaipekua kwenye simu yake Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ana siku 28 za likizo kwa mwaka. Mkewe akijifungua ana siku 3. Akifiwa na mzazi, mke au mtoto ana siku 4. Akiitwa kazini siku ya sikukuu, saa zake zinalipwa mara mbili. Ya bethidei tuliitafuta, haimo, ila yeye anaweza kuikata siku moja kwenye zile 28 akaiita atakavyo.

Mimi sina mwajiri, nina tajiri, yaani mwenye chombo. Naendesha bajaji ya mkataba: nampelekea hesabu ya Sh 15,000 kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili ni ya dereva, matengenezo yote juu yangu, na mkataba ukiisha chombo kinakuwa changu. Kwenye karatasi ile hakuna Muungano, hakuna Nane Nane, hakuna Nyerere Dei. Idi tu ndiyo tulikubaliana kwa mdomo, na hiyo ni kwa kuwa tajiri mwenyewe hupenda kupelekwa kwa dada yake.

Mwaka 2022 nilifanya kazi kutwa nzima bila kumwambia mtu. Niliona ndiyo busara. Saa kumi jioni nikapata kichwa Shangani, dada mmoja amebeba keki ndani ya boksi, akaniomba niende taratibu isije ikalala upande. Nikaendesha kama nimebeba mgonjwa. Kila tuta nasimama, kila shimo nalizunguka, magari nyuma yananipigia honi. Tulipofika, watoto wakatoka na mapambio yao, keki ikaingia ndani, nikapewa Sh 2,000 yangu. Sikuwa na kinyongo na mtu, ila usiku ule nililala nimenuna bila kujua nimemnunia nani.

Mwaka uliofuata nikasema liwalo na liwe, silali nimenuna tena. Tarehe 14 iliangukia Jumamosi. Sikumuaga tajiri, niliiacha bajaji uwanjani nikaenda kijiweni kwa miguu, nimevaa shati jipya. Hapo ndipo nilipokosea, maana kijiwe hakimpongezi mtu kwa maneno. Nilimwagiwa ndoo tatu za maji, ya tatu ilikuwa ya kuoshea vyombo kwa mama ntilie wa jirani, halafu unga wa ngano juu. Simu ilikuwa mfukoni. Ikazima palepale, na ndiyo yenye namba za wateja wangu wa kudumu, wale wa kupeleka watoto shule na wa kuwahi basi la Dar. Kisha, kwa mila ya kijiwe, aliyemwagiwa ndiye anayenunua soda. Jumamosi ile ilikuwa na harusi mbili ninazozijua, na nilisikia matarumbeta yake nikiwa nimekaa na kanga ya mama ntilie kiunoni.

Jioni nikaenda kwa tajiri. Ni mama mstaafu, alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na mpaka leo anaongea na mtu mzima kama anasahihisha daftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hesabu iko wapi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nyerere alituambia Uhuru na Kazi. Wewe umechukua uhuru peke yake." Akairudisha miwani. "Hesabu haina bethidei, mwanangu. Utailipa kidogo kidogo."

Nililipa kwa wiki mbili, huku nakusanya na ya kutengenezea simu.

Basi 2024 nikaanza mapema. Kwanza nilipiga hesabu ya siku yangu ilivyo, jambo ambalo miaka yote hiyo sikuwahi kulifanya. Nilidhani fedha inaingia sawasawa kutwa nzima. Nikawa naandika kwenye daftari, saa na nilichopata, kwa wiki tatu. Kumbe kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi napata karibu nusu ya mapato yote: abiria wa mabasi ya Dar, akina mama wanaowahi samaki feri, watoto wa shule. Saa tano mpaka saa tisa ni jua tu na kuchoma mafuta. Watu wa Mtwara mnajua Oktoba ilivyo, mvua bado na joto limeshafika. Saa zile dereva anasinzia kijiweni na anajihesabu yuko kazini.

Nilipoliona hilo swali likabadilika. Miaka yote nilikuwa najiuliza nifanye kazi siku hiyo au nisifanye, kana kwamba siku ni mkate usiokatika. Nikaamua nitafanya kazi mpaka hesabu itimie, basi. Ikitimia saa tatu, saa tatu nimemaliza. Ikichelewa, mpaka adhuhuri.

Pili nikaanza kudunduliza. Tarehe 4 Septemba nilitoboa kopo la maziwa ya unga, nikawa natumbukiza Sh 500 kila usiku. Mpaka tarehe 14 Oktoba ni siku 40, yaani Sh 20,000. Najua si fedha ya kutambia, lakini mtu wa hesabu ukimwambia atoe elfu ishirini kwa mkupuo ataahirisha bethidei mpaka azeeke. Mia tano haikuniuma. Usiku mmoja tu nilikosa, nikafidia kesho yake.

Tatu nilikwenda kwa tajiri wiki mbili kabla. Nikamwambia hesabu yake ataipata kabla ya adhuhuri, na mchana chombo atashika deiwaka, dereva wa kunishikia kwa siku hiyo. Akauliza deiwaka nani, ana leseni, nikamtajia. Akakubali, ila akasisitiza nikae humo humo ndani. Nikasema nitakaa.

Kijiweni sikusema neno. Ndoo zile nilikuwa nazikumbuka.

Mjomba wangu, ambaye hapendi kabisa habari za keki, alinipa ushauri wake bila kuombwa. Kwamba Mtume alipoulizwa kwa nini anafunga Jumatatu, alijibu ndiyo siku aliyozaliwa. Na mwaka huo tarehe 14 ilikuwa Jumatatu kwelikweli, mjomba akaona jambo limejipanga lenyewe. Mama akamjibu kwamba mimi nilizaliwa Alhamisi, kwa hiyo akitaka nifunge asubiri Alhamisi. Sikutia mguu hapo. Ila niseme ukweli, katika shauri zote nilizopewa, hilo la mjomba ndilo pekee linaloruhusu kufanya kazi na kuadhimisha kwa wakati mmoja, na halina soda za kununua.

Siku ikafika. Saa kumi kasoro nilikuwa barabarani. Vichwa vya stendi vilikuwa vingi kwa sababu ya watu waliokuja kupumzika wikiendi ndefu na sasa wanarudi. Wanafunzi hawakuwepo, hilo sikuwa nimelipigia hesabu, sikukuu shule zimefungwa. Saa tatu nilikuwa na Sh 11,000 baada ya mafuta. Nikaanza kuona ile siku inaniponyoka. Saa nne na nusu nikapata mzee mmoja na magunia matupu anayapeleka Naliendele, msimu wa korosho ndio unachangamka, akanilipa vizuri. Saa tano na dakika kumi nikawa mlangoni kwa tajiri na elfu kumi na tano yake. Akaihesabu mara mbili, akaingia ndani, akatoka na papai. Akanipa. Hakusema ni la nini.

Deiwaka nikamchukua kijiweni kwa kisingizio cha pancha. Tukaenda nyumbani Magomeni, nikamwambia mama avae tunakwenda Mikindani. Akauliza kuna msiba wa nani.

Nikafungua kopo. Sh 7,000 ya deiwaka, Sh 5,000 ya mafuta, iliyobaki ya kula. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nishike usukani: nikaingia siti ya nyuma, nikakaa kando ya mama, kama abiria.

Ni kama kilomita 10 tu kufika Mikindani. Redio ilikuwa inarusha kilele cha mbio za Mwenge kutoka Mwanza, na katikati wanaweka sauti ya Nyerere, ile sauti inayocheka kabla ya kusema jambo zito. Mama akaanza kunisimulia tena wodi ya Ligula, dirisha, redio, vilio. Nimeisikia hadithi hiyo labda mara hamsini. Siku hiyo akaongeza kipande ambacho sikuwahi kukisikia, kwamba nilipotoka sikulia, na muuguzi aliyenipiga makofi alikuwa machozi yanamtoka, na mama hakujua analia kwa ajili ya Nyerere au kwa sababu mtoto hapumui. "Ulipolia ndiyo akacheka," akasema. Barabara inashuka pale, bahari inafunguka kwa mkono wa kulia, majumba ya zamani ya mawe yako chini. Deiwaka akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Tulikula samaki wa kukaanga na mihogo, mama akanunua na ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, ya kutafuna njiani. Deiwaka alikula nasi, ndipo alipoambiwa siku ni ya nini. Alisimama akaangalia huku na huku kutafuta maji, mama akamkazia macho, akakaa. Nikakata papai la tajiri.

Tukarudi jua limeanza kulegea. Tulipopita lile eneo lenye mashimo kabla ya kuingia mjini, kitu kikanichoma pajani mpaka nikaruka. Nikashika chini ya siti: chuma kimetoboa sponji, ncha yake iko juu.

"Mama, hiki kimekuchoma?"

"Kila siku unaponipeleka sokoni," akasema. "Nilikuwa nakaa upande huu mwingine. Nikasema nikikwambia utaona naringa."

Nikafikiria abiria wangu wote, na yule dada wa keki aliyeshuka bila kuaga.

Deiwaka akacheka mbele kule. "Mwalimu, mbona sisi wote tunalijua hilo chuma? Kijiwe kizima. Ndiyo maana ukitupa lifti tunasimama."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kichwa cha kwanza, nilikuwa nimekaa nje ya banda la fundi wa siti namsubiri afungue. Sponji mpya na turubai lake, Sh 8,000. Nikamwomba aniwekee mbili nyuma, na mbele akiacha ya zamani si neno.