Nairobi hadi Magadi na kurudi siku hiyo hiyo: ninavyoipanga

Kutoka Nairobi hadi Magadi, mji ulio kando ya Ziwa Magadi, ni kilomita 110 hivi, na lami inakufikisha mjini. Umbali si tatizo. Kinachoamua siku yako ni jua. Nairobi iko juu ya mita 1,600; Magadi iko kwenye mita 600 hivi, chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, na kufikia saa sita mchana joto hupita nyuzi 35 bila shida. Kwa hiyo naipanga siku nzima nikihesabu kutoka hiyo saa sita kurudi nyuma. Kazi yote ya ziwani iwe imekwisha kufikia saa tano kasorobo.

Hiyo ina maana ya kutoka Nairobi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Magari ya Rongai saa hiyo yanaelekea mjini, wewe unakwenda kinyume, na jua linachomoza mgongoni. Ukitoka saa mbili umeshachelewa.

Kiserian, mji unaofuata baada ya Rongai, ndipo pa kujaza tangi, kununua maji na matunda, na kuweka pesa kwenye M-Pesa. Mbele yake vituo vya mafuta ni vya kuhesabu na mtandao hukatika sehemu nyingi. Maji nahesabu lita tatu za kunywa kwa kila mtu, kisha mtungi wa lita 20 wa kuoshea miguu na, ikibidi, wa rejeta. Upepo wa magurudumu pima asubuhi yakiwa bado baridi. Mchana yakipata moto upepo huonekana umezidi, usiutoe. Gurudumu lililochakaa liache Nairobi, kwa sababu lami ya huko chini huunguza na tairi kuukuu ndizo hupasuka.

Ukipita Kona Baridi barabara inaanza kushuka. Tumia gia ndogo, acha injini ikushikilie. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto na kulegea. Lami ni nyembamba na kingo zake zimeliwa, kwa hiyo ukikutana na lori punguza mwendo mapema badala ya kurusha gurudumu nje. Mbuzi na ng'ombe wa Wamaasai wana haki ya barabara hiyo kama wewe. Ukiona mbuzi mmoja amevuka, subiri, wengine wanakuja. Wakati wa masika na vuli, mvua ikinyesha milimani makorongo hukata barabara hata kama kichwani kwako ni jua kali. Maji yakiwa yanapita kwa kasi, simama. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache.

Wengi husimama Olorgesailie, makumbusho ya zana za mawe za kale, wakati wa kwenda, maana iko njiani, kilomita 65 au 70 kutoka Nairobi. Hapo ndipo siku huharibika: wakitoka makumbusho tayari ni saa tano, na ziwa wanalikuta likiwa tanuri. Mimi hupita moja kwa moja.

Magadi ni mji wa kiwanda, uliokua pamoja na kampuni ya magadi iliyoanza mwaka 1911. Kuna kizuizi cha kuingilia, utaulizwa unakwenda wapi, kwa hiyo beba kitambulisho. Halafu tafuta kijana wa Kimaasai anayeongoza wageni na mpatane bei kabla hajaingia garini. Msaidizi huyu si anasa. Njia za kwenda chemchemi za moto, upande wa kusini wa ziwa, zinagawanyika ovyo, na tabaka jeupe na la waridi linaloonekana gumu kama saruji huwa jembamba juu ya tope la chumvi. Gari likizama hapo, kulitoa ni kazi ya siku nzima. Gari lenye tumbo la chini liache mjini.

Chemchemi nyingine hupita nyuzi 80, za kumbabua mtu, kwa hiyo usitumbukize mkono mahali ambapo mwenyeji hajakuonyesha. Watu huoga kwenye vidimbwi vilivyochanganyika na kupoa. Funga macho, na ukitoka jisuuze mara moja kwa maji ya mtungi. Angalia pia kingoni kwenye maji ya kina kifupi: kuna samaki wadogo, perege wa Magadi, wanaoishi kwenye maji makali ya magadi ambayo yangeua samaki karibu wote wengine. Hutoa taka ya mwili kama urea badala ya amonia, jambo adimu mno kwa samaki. Kwangu hao wanapita hata heroe, ingawa heroe ndio kila mtu amekuja kupiga picha. Viatu vya ngozi usivivae. Magadi huvikausha vikapasuka.

Olorgesailie naifikia karibu saa sita. Iko juu kuliko Magadi, ina upepo, na kuna mabanda ya kulia chakula kivulini. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapa miaka ya 1940, na mashoka ya mawe yameachwa palepale yalipopatikana, mamia kwa mamia, unayatazama ukiwa kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa. Mengine yana umri wa karibu miaka milioni moja. Omba mwongozaji wa makumbusho akueleze. Bila maelezo utaona mawe tu.

Ondoka saa nane na nusu hivi. Sasa unapanda hadi karibu mita 2,000, injini ina joto la mchana kutwa. Zima kiyoyozi, fungua madirisha, angalia geji. Mshale ukipanda, egesha na usubiri nusu saa au zaidi kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta. Asiye na gari ataunganisha matatu Kiserian, lakini za Magadi ni chache. Ulizia ile ya mwisho ya kurudi kabla hujashuka.

Jumamosi jioni Rongai hufungana. Ukifika Kiserian kata kushoto kwenda Ngong, utokee Karen. Na kesho yake osha gari hadi chini kabisa kwa maji safi, hasa kama lina rimu za alumini.