Ninavyotoa damu kwenye nyama kwa chumvi, kwa kanuni ya Kiyahudi

Kuchinja ni mwanzo tu wa nyama ya kosheri, yaani inayoruhusiwa kuliwa kwa sheria ya Kiyahudi. Mchinjaji awe amefunzwa, kisu kisiwe na pengo hata dogo, na bado nyama hiyo haijafaa kuingia chunguni, kwa sababu damu ingalimo. Torati, katika Walawi 17, inasema uhai wa kiumbe umo katika damu yake, ndiyo maana Wayahudi hawali damu ya mnyama wala ya ndege. Samaki hawahusiki. Zamani kazi hii ilifanyika katika kila jiko la Kiyahudi. Leo mabucha ya kosheri ya Ulaya na Marekani huuza nyama iliyokwisha kutiwa chumvi. Mimi ninampata mchinjaji, bucha la namna hiyo silipati, kwa hiyo naimaliza kazi nyumbani.

Kwanza naangalia saa. Tangu mnyama achinjwe nina saa 72. Zikipita bila nyama kulowekwa, damu huhesabiwa imegandia ndani na chumvi haitaitoa tena. Njia inayobaki ni kuichoma juu ya moto. Nikiona nitachelewa, nailoweka mapema ndani ya muda huo.

Kuku ndiye anayewaponza wengi huku kwetu, maana mkono umezoea kukimbilia maji ya moto. Kuku aliyetumbukizwa humo ili anyonyoke upesi, damu yake imeshapikiwa ndani ya nyama. Ananyonyolewa mkavu, au kwa maji baridi, na anayelalamika kuhusu muda ana haki ya kulalamika. Kisha anapasuliwa na kutolewa kila kilichomo ndani.

Kwa mbuzi naishia sehemu ya mbele, ambayo mishipa yake ya shingo na bega huitoa mchinjaji mwenyewe. Nyuma kuna mshipa wa paja, uliokatazwa kwa kumbukumbu ya Yakobo aliyeteguka paja akishindana mweleka (Mwanzo 32), na mafuta ya figo yasiyoliwa. Kuvitoa ni ufundi wa kufundishwa kwa mkono, na ujuzi wa kusoma hautoshi. Jirani asiyefungwa na sheria hii huichukua sehemu hiyo kwa furaha.

Nyama naiosha damu ya juu, kisha nailoweka nusu saa katika maji ya kawaida yanayoifunika yote. Moyo lazima upasuliwe. Iliyogandishwa iyeyuke kabisa kwanza, na ya kusaga isisagwe kabla ya chumvi. Beseni la kulowekea halitumiki kwa chakula kingine. Nyama ikisahauliwa majini saa 24 kabla ya kutiwa chumvi, sheria huihesabu kama iliyopikwa na damu yake, nayo hailiki.

Nikiitoa naiacha ichuruzike dakika chache. Ikiwa chapachapa, chumvi huyeyuka na kutiririka kabla ya kufanya kazi; ikikauka sana, chumvi haishiki. Chumvi yenyewe ndiyo huharibu shughuli mara nyingi. Laini ya mezani huyeyuka mara moja, na mabonge ya chumvi ya mawe hudondoka. Nanunua ya mawe na kuitwanga kidogo kwenye kinu mpaka punje ziwe za wastani. Naipaka pande zote, na kwa kuku ndani na nje. Kipimo cha vitabu ni kizuri: chumvi iwe nyingi kiasi kwamba nyama isingelika nayo.

Sasa nyama inakaa saa nzima juu ya chanja lililoinamishwa, lenye nafasi za kupitisha damu, na tumbo la kuku likitazama chini. Kwenye sinia bapa damu hukusanyika na nyama hukaa ndani yake, na hapo kazi yote imeharibika. Rabi (mwalimu wa sheria ya Kiyahudi) Yosef Karo, ambaye kitabu chake cha sheria, Shulhan Arukh, kilichapwa Venice mwaka 1565, alitosheka na muda wa kutembea maili moja ya kale, kama dakika 18. Rabi Moshe Isserles wa Kraków, Poland, akaandika kwamba desturi ni saa moja. Dakika 18 naziacha kwa dharura. Ikilala chumvini zaidi ya saa 12, aulizwe rabi.

Kusuuza ni mara tatu: kwanza kwa maji yanayotiririka huku nikisugua, kisha mara mbili katika beseni lenye maji mapya. Maji yanatangulia kuingia beseni, nyama inafuata.

Maini hayaponi kwa chumvi, damu yake ni nyingi mno. Nayakata mikato mirefu, nayaosha, nayanyunyizia chumvi kidogo na kuyachoma juu ya makaa, kwenye wavu, damu ikidondokea motoni. Kikaango hakifai. Yakiiva nayasuuza.

Mchuzi wa nyama hii nauonja kabla ya kuongeza chumvi, na mara nyingi siongezi. Maziwa hayaingii kabisa, kwani sheria inakataza kupika nyama kwa maziwa, ila tui la nazi halina tatizo. Isserles aliagiza kwamba anayepika nyama kwa maziwa ya lozi aweke lozi karibu, watazamaji wasidhani ni maziwa ya ng'ombe. Mgeni wa bara asiyezoea nazi namwekea kipande cha nazi kando ya sahani; wa Mombasa hahitaji.