Mashine ya kuoshea vyombo na maji yetu ya Mtwara

Mashine ya kuoshea vyombo ikianza kuacha ukungu mweupe kwenye glasi, wengi hubadilisha sabuni, kisha hubadilisha tena. Kwa huku kwetu nasema achana kwanza na sabuni, angalia maji: yanatoka wapi, yanaingia kwa nguvu gani, yamebeba nini. Kitabu kinachokuja na mashine kimeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye maji ya aina moja mwaka mzima. Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zina ya aina tatu: ya bomba, ya kisima bomba linapokauka, na ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye bati kati ya Desemba na Aprili. Yote huingia simtanki lile lile, na mashine hubaki imepangwa vile vile ilivyopangwa siku ya kufungwa.

Maji ya visima vya pwani hupita kwenye mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Kwa hiyo huwa magumu. Kuyapima ni rahisi: chukua chupa ya nusu lita, tia maji robo yake, kwangua sabuni ya mche kidogo ndani, tikisa kwa nguvu. Maji laini hutoa povu linalokaa, na chini yake maji hubaki maangavu. Maji magumu hutoa povu dogo linalozimika upesi, na maji huwa kama yametiwa maziwa. Tumia sabuni ya mche au ya kipande, kwa sababu ile ya maji ya kuoshea vyombo hutoa povu hata kwenye maji magumu na itakudanganya.

Chokaa ndiyo hushika kwenye hita, huziba matundu ya mikono inayorusha maji na kukausha mpira wa mlango. Mashine nyingi za Ulaya zina tangi la chumvi sakafuni, karibu na chujio, lenye mfuniko wa kuzungusha. Chumvi hiyo haiendi kwenye vyombo. Ndani ya mashine kuna chembe maalumu zinazonasa kalsiamu na magnesiamu. Zikijaa, maji ya chumvi huzisafisha ili zinase upya. Mara ya kwanza kabisa jaza tangi maji, kisha mimina chumvi kwa faneli mpaka lijae. Mashine nyingi huchukua kilo moja hivi. Mara zinazofuata ni chumvi tu, na ukimaliza kuijaza washa programu papo hapo. Maji ya chumvi yaliyomwagika yakilala juu ya chuma cha pua huanza kukitoboa vitobo vidogo, na hilo halina marekebisho.

Chumvi gani? Pwani yetu yote, kuanzia Kilwa hadi Mtwara, ina mashamba ya chumvi, na chumvi ya mawe ni bei ya chini. Usiitie humo. Ina magnesiamu, kalsiamu, mchanga na tope, yaani ndivyo vitu vile vile ambavyo mashine inajaribu kuvitoa. Chumvi laini ya mezani nayo haifai, maana hushikamana ikawa bonge na kuziba njia. Inayotakiwa ni chumvi ya mashine, yenye punje kubwa na safi kabisa. Kama hujaiona madukani, muagize mtu anayetoka Dar es Salaam akuletee kilo tatu au nne; haiharibiki ikifungwa vizuri.

Tofautisha maji magumu na maji ya chumvi. Kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kutoa maji unayoyasikia ulimini kuwa ya chumvi, na lile tangi la chumvi la mashine halitayasaidia hata kidogo, kwa sababu halikutengenezwa kuondoa chumvi. Maji hayo hula chuma cha pua. Utaona madoa mekundu madogo madogo kwenye pembe na kwenye visu. Hayo tumia kudekia sakafu. Mashine ipe ya bomba au ya mvua.

Nayo ya mvua yana sharti lake. Ni laini sana, kwa hiyo ukibaki na mpangilio wa maji magumu unapoteza chumvi bure, na glasi huanza kuliwa. Maji laini mno pamoja na sabuni kali huikwangua glasi, na ukungu huo haurudi nyuma. Masika ikishika na simtanki likawa la mvua tupu, shusha mpangilio wa ugumu hadi chini kabisa na upunguze sabuni. Ukitaka kujua ukungu ulionao ni wa aina gani, futa glasi kwa kitambaa chenye siki: ukitoka ni chokaa, ukibaki glasi imeshaliwa.

Nguvu ya maji hugombanisha mafundi na wenye nyumba. Mashine nyingi hudai angalau nusu baa (baa ni kipimo cha presha). Kila mita 10 za kimo huleta baa moja, kwa hiyo nusu baa ni mita 5 kutoka usawa wa maji kwenye tangi hadi pale mpira unapoingia kwenye mashine. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 halifikishi, hasa likiwa limebaki nusu. Mashine itasubiri maji, itachoka, itasimama na kuonyesha hitilafu, na utaambiwa valvu ya kuingizia maji imekufa. Kabla hujanunua valvu, pima kimo. Dawa ni kuinua tangi au kufunga pampu ndogo ya presha.

Maji yakikatika siku kadhaa kisha yakarudi, huja na tope na kutu. Hapo kagua kichujio kidogo cha wavu kilicho mdomoni mwa valvu ya kuingizia maji. Chomoa umeme, funga bomba, weka ndoo, fungua nati kwa mkono. Uchomoe wavu taratibu kwa plaisi, usuuze kwa mswaki, urudishe. Nati ile ina mpira bapa ndani, na huo ndio unaozuia maji, kwa hiyo usizungushe utepe wa fundi bomba wala usikaze kwa spana. Kaza kwa mkono na ongeza robo mzunguko. Kwa anayetumia kisima, kazi hii ni ya kila mwezi.

Tuje kwenye uchafu wa jikoni. Vyombo havihitaji kuoshwa kabla ya kuingia, ila vikwangue. Punje za wali, magamba ya changu, miiba, vipande vya ganda la korosho: hivi ndivyo vinavyokwamisha. Chujio la sakafuni lisafishe kila wiki. Lizungushe kinyume cha saa, linyanyue, tenganisha sehemu zake, pitisha mswaki laini chini ya maji ya moto yenye sabuni. Usitumie steliwaya. Moto wa maji una maana hasa kwa jikoni linalopika kwa nazi: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Juni hadi Agosti hapa hushuka zaidi ya hapo. Asubuhi utakuta utando mweupe kwenye wavu ambao maji ya baridi hayautoi. Unaporudisha chujio, lizungushe mpaka ulisikie limeshika. Lisiposhika, mwiba mmoja unapita pembeni na kwenda kwenye pampu.

Chujio likiwa nje, angalia shimo lake. Chota maji kwa sponji, vaa glavu kwa sababu vipande vya glasi hukaa humo, kisha inua kifuniko cha pampu ya kutoa maji. Panga la pampu, yaani kile kipande kinachozunguka na kusukuma maji, ligeuze kwa mpini wa kijiko cha mbao. Litazunguka kwa kushtukashtuka. Hilo si kosa, ndivyo sumaku yake ilivyo. Likigoma kabisa, kuna kitu kimenasa. Kwenye mashine za Bosch hali hii mara nyingi huonekana kama E24 au E25, maji hayatoki. E15 ni jambo jingine: kuna maji kwenye sinia la chini kabisa, yaani kuna kinachovuja, au mtu ametia sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono na povu limefurika. Sabuni hiyo isiingie kabisa.

Mikono inayorusha maji itoe kila baada ya miezi miwili. Itikise sikioni, ukisikia chakarachakara kuna mchanga au magamba ndani. Zibua matundu kwa kijiti cha meno, wala si kwa msumari, maana tundu likipanuka maji hayarukii tena pale yanapotakiwa. Kisha iloweke kwenye siki.

Kuondoa chokaa mwilini mwa mashine, mimi napendelea asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa kutengenezea jamu. Gramu 100 sakafuni, mashine ikiwa tupu, programu ya nyuzi 50 au 60, kila miezi mitatu kwa maji ya kisima na mara mbili kwa mwaka kwa ya bomba. Siki kikombe kimoja pia husaidia, lakini ikizoeleka hudhoofisha mipira. Limau haliwezi kazi hii: moja lina gramu mbili au tatu tu za asidi hiyo. Magadi hukata mafuta, hayagusi chokaa, na ukiyachanganya na siki yanauana bila faida. Na jiki isikaribie. Ikikutana na siki au sitriki hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu, na hata peke yake hula chuma cha pua.

Sufuria za alumini zitatoka nyeusi, kwa kuwa sabuni ya mashine ina ukali wa magadi. Vyungu, miko, mbuzi ya nazi na vijiko vya mbao visubiri beseni.

Umeme. Hita hula wati 2,000 na zaidi, yaani ampea 9 au 10. Kilinda umeme cha friji cha ampea 5 hakiwezi. Tafuta cha ampea 13. Mashine iliyoletwa na plagi ya duara ya Ulaya isichomekwe kwa adapta ya soko, kwa sababu nyingi hazina waya wa ardhi na huyeyuka. Mwite fundi aweke plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 13. Umeme ukikatika katikati ya kazi, acha mlango umefungwa. Mashine nyingi huendelea zilipoishia. Ukichelewa kurudi hadi kesho yake, toa maji kwanza kwa kitufe cha kufuta programu, ndipo uanze upya.

Mpira wa mlango ufute kwa kitambaa kila wiki, hasa ukingo wa chini wa mlango, ambako maji hayarukii na kuvu huanzia. Kwa unyevu wa pwani acha mlango wazi upana wa vidole viwili baada ya kumaliza. Mpira wa kutolea maji upande juu sentimita 40 hadi 60 kabla ya kuingia kwenye bomba la sinki. Ukilazwa chini, maji hutoka yenyewe huku mashine ikiendelea kujaza.

Mkiwa mnakwenda mashambani kwa msimu wa korosho na nyumba itafungwa wiki kadhaa, endesha programu ya moto mashine ikiwa tupu, safisha chujio, chota maji yaliyobaki kwenye shimo, funga bomba, chomoa plagi, acha mlango wazi kidogo kwa kuukingia kitambaa. Mkirudi, mimina lita moja ya maji sakafuni na kulizungusha panga la pampu kwa mpini wa kijiko kabla ya kuwasha, kwa sababu likikauka na chokaa hushika.