Siku yangu ndani ya viti vya Volkswagen

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua banda langu hapa Magomeni, Mtwara mjini. Kusi limeamka kabla yangu, na upepo kwa mtu wa gundi ni balaa, vumbi lote la barabarani huja kulalia kwenye kazi. Namwagia maji mlangoni, naivuta meza ndani.

Leo nina kazi moja, viti vya Volkswagen ya mgongo wa kobe ya mwaka 1972. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Mikindani. Bodi imeshapigwa rangi, injini inanguruma vizuri huko nyuma iliko. Limebaki la kukalia tu.

Saa 2. Mpwa wangu anafika na vitumbua. Tunavua kava la kiti cha dereva polepole, kwa sababu kava kuukuu ndilo kipimo changu, likichanika sina pa kukatia jipya. Vijino vya chuma vya kwenye fremu tunaviinua kimoja kimoja kwa bisibisi.

"Mjomba, huu si usumba?"

Usumba kabisa. Magari haya hayakujazwa sponji. Waliokuwa wakiyatengeneza walishikamanisha nyuzi za makumbi kwa mpira, wakazilaza juu ya springi. Kijana kakulia chini ya minazi, hakutarajia kukutana nayo humu. Ila umeoza. Ukiuminya unamwaga unga wa kahawia, na pale Mwalimu alipozoea kukaa pana shimo la kulaza papai.

Saa 4. Springi mbili zimekatika, nyingine zina kutu. Mafundi wengi hapa huziruka, wakatupia sponji juu na kuchukua hela. Mimi nazipiga brashi ya waya, naunga zilizokatika, napaka rangi ya kuzuia kutu. Zikiwa zinakauka tunamenya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula. Halafu natandika gunia la korosho, lile la juti, na kulifunga kwa waya. Bila gunia springi huisaga sponji kwa chini, nawe huoni mpaka siku unapochomwa makalioni.

Saa 6. Dukani kununua sponji. Mwaka jana niliuziwa laini nikiambiwa ngumu, ikalala kabla ya masika. Siku hizi naitandika sakafuni napiga goti. Goti likiisikia sakafu, narudisha. Muuzaji ananuna, lakini napata.

Saa 8. Nakata kwa kisu cha mkate, nikiacha nusu inchi ya ziada kila upande ili kava likaze. Gundi napaka huku na huku, nasubiri mpaka isinate kidoleni, ndipo nabandika. Nimeweka inchi tatu. Tamaa yangu hiyo, nilitaka Mwalimu akae kama kwenye sofa.

Saa 10. Mwalimu anaingia kujaribu. Kofia yake inagusa dari, na usukani umemkalia mapajani.

"Fundi, umenipandisha kitini au jukwaani?"

Nafungua upya. Gundi haibanduki, kwa hiyo naikata sponji kwa chini, inchi moja nzima, jasho linanitoka. Inchi mbili zinamtosha, maana springi nazo zina kazi yake.

Saa 11. Kiti cha nyuma nimekataa kukifunga. Betri ya gari hili inakaa chini yake, upande wa kulia, na kifuniko chake hakipo. Abiria mzito akikaa, springi inashuka, inagusa vichwa vya betri, cheche zinaruka. Na juu yake ni usumba mkavu. Mwalimu analalamika kwamba Ijumaa ana harusi Lindi. Namwambia, shikamoo nakupa kwa heshima, lakini lete kifuniko kwanza.

Saa 12 jioni. Gari limeondoka na viti viwili. Mpwa kafunga kipande cha usumba kwenye rambo, anakwenda kumwonyesha mama yangu, msokota kamba.