Eksteno ya bibi

Kwenye eksteno hii, yaani diski ya nje ya kompyuta, mna sauti ya bibi. Nilimrekodi Desemba 2013 kule Pangani, jioni saba mfululizo, akitusimulia hadithi huku akichambua mchicha. Nakala nyingine sikuwa nayo, na wiki iliyopita hilo lilininyima usingizi.

Kwenye duka moja la kuchapisha niliichomeka mbele ya kompyuta ya mezani. Ikalia tik, tik, tik, ikanyamaza. Kijana wa dukani akasema imekufa. Sikukubali, maana asubuhi hiyohiyo ilifunguka kwenye laptopu yangu. Nikamwomba aichomeke nyuma ya kasha, ikaamka.

Shida ilikuwa umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa hadi miliampea 500, la USB 3.0 hadi 900, na eksteno ndogo kama hii, isiyo na adapta yake, hula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzungusha sahani zake za ndani zenye data. Matundu ya mbele huungwa kwa waya wa ndani, na umeme hupungua njiani. Mimi nami nilikuwa natumia waya mwembamba wa mita moja na nusu. Niliponunua mfupi wa sentimita 30, hata tundu la mbele likaikubali. Ukisikia ile tik tik, chomoa mara moja, usiiache ihangaike.

Ofisini kisa kilikuwa kingine kabisa. Ilizunguka, taa ikawaka, lakini haikuonekana kwenye orodha ya diski. Nikafungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, nikaikuta nzima, imepewa herufi F, na F tayari ilikuwa ya folda ya pamoja ya mtandao wa ofisi. Nikaipa R. Ikatokea papo hapo.

Lakini kuonekana si kupona. Nilipoipima kwa smartctl, programu inayosoma ripoti ya afya ya diski, mstari wa 197 ulionyesha sekta 24, yaani vipande vidogo vya diski, zilizoshindwa kusomeka. Hapo usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, wala usifomati, hata Windows ikikuomba. Nakili kwanza! Niliwasha Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kutoka kwenye flashi nikatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ambayo huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi, kisha hurudia sehemu sugu, na huandika ilipofika ili umeme ukikatika iendelee palepale. Eksteno niliilaza kwenye vigae, feni ikiipulizia usiku kucha. Kila nikiamka naigusa kama mtoto mwenye homa.

Asubuhi ya siku ya pili ilimaliza. Kati ya gigabaiti 500, kilobaiti 12 hazikutoka, na zote zimeangukia kwenye rekodi ya jioni ya tano. Ni pengo la chini ya sekunde moja. Bibi anasema "Paukwa!", sauti inakatika, kisha tunasikika wajukuu tukimalizia: "...kawa!"